Spika za Kuwaonyesha Wakwe

Wiki iliyopita niliwaachia pale nilipomwajiri baba.

Najua mlinicheka. Mama mmoja alinisimamisha karibu na soko la Thika, gazeti likiwa kwapani, akaniuliza kama mimi sina haya. Ninayo, mama. Tena ninayo nyingi kuliko watu wengi, na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Austine Muasya, karani wa stoo katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika. Nilitaka kumwoa Ngina wa Mugutha. Wazee wa kwao walisema wanataka kumwona mzazi wangu. Mzazi wangu yu hai. Anaitwa Mzee Muasya, anaishi Thika katika chumba kimoja, na kazi yake ni kukwangua ngozi mbichi za ng'ombe. Harufu ya kazi hiyo haitoki kwa sabuni. Nilipokuwa darasa la tatu watoto walikuwa wakinifungia pua, na tangu siku hiyo mimi na baba yangu hatujawahi kutembea upande mmoja wa barabara.

Basi siku ya posa nilimwacha baba kwake. Nikamvika koti langu Mzee Kimeu, bawabu wa kiwandani kwetu, nikaenda naye Mugutha nikasema huyu ndiye aliyenizaa. Kimeu alihutubu vizuri kuliko baba yeyote niliyewahi kumsikia. Mbuzi wakapokelewa, tarehe ya harusi ikatajwa, nikarudi nyumbani nikiimba.

Sasa lilibaki jambo moja tu kati yangu na Ngina. Wakwe waje waione nyumba.

Kwao msichana hatolewi hivi hivi. Watu wake huja kwanza kuona atalala wapi na atapikia wapi. Wanakunywa chai, wanatazama dari, wanafungua mlango wa choo eti wanatafuta mahali pa kunawa mikono, kisha wanarudi kwao na kuamua kama mtoto wao atakaa huko au hatakaa. Wakiikataa nyumba, mbuzi wako wanarudishwa.

Yangu ilikuwa vyumba viwili vya kukodi Ruiru, nyuma ya ua wa Membley, mtaa wa wenye pesa. Nikiulizwa ninaishi wapi nilikuwa nasema Membley. Ua ulikuwa wa Membley kweli. Nyumba ndiyo iliyokuwa upande wa pili.

Na mdomo wangu ulikuwa umeshaniponza. Siku ile ya posa, Tata Idah aliniita kando. Huyu ni dada wa babake Ngina, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na ndiye aliyemlea Ngina mama yake alipofariki. Alinitazama kwa miwani yake ya mnyororo, akaniuliza:

"Na huko kwako, kijana, kuna nini?"

"Kuna home theatre, tata. Sinema kamili ya nyumbani."

Ilikuwako televisheni ya inchi kumi na nne na deki ya kaseti za video. Basi.

"Vizuri sana," akasema. "Tukija kuona nyumba nitaleta kaseti ya video anayotupiga huyu mpiga picha leo. Kwangu TV inakoroma, kila sherehe tukiiangalia ni mvumo tu. Hii ya leo tutaisikia kwako. Nataka kusikia hotuba ya baba yako kila neno."

Nikasema karibu, tata. Mimi na akili zangu timamu.

*

Adan ana duka la redio na vifaa vya stima mjini Thika. Ni fundi, ni muuzaji, na ana kosa moja kubwa katika biashara: anasema ukweli. Nilikwenda kwake Jumanne jioni baada ya kazi, pamoja na Ngina.

"Chumba chako iko na ukubwa gani?" Adan aliniuliza.

"Kubwa tu."

"Futi ngapi, Austine?"

"Kumi na mbili kwa kumi."

Alicheka, akamtazama Ngina, Ngina naye akacheka. Mimi sikuona kichekesho.

Adan alikuwa na amplifaya ya surround iliyoletwa kutoka Dubai, na spika za kuzunguka chumba. Akanieleza pole pole. Spika moja inakaa chini ya televisheni, hiyo ni ya maneno ya watu. Mbili ndogo zinapigiliwa ukuta wa nyuma, hizo zinaleta vitu vya mbali, mvua, magari, watu wanaopita. Hizo tatu hazikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa wa zile mbili za mbele.

Alinionyesha aina mbili. Za kwanza zilikuwa fupi, za kuwekwa kwenye rafu, kila moja kama mkate wa kilo moja uliosimamishwa. Za pili zilikuwa ndefu, zinasimama zenyewe sakafuni, nyeusi, zinang'aa, zinanifika juu ya kiuno.

"Wewe chukua hizi fupi," Adan akasema. "Unaweka juu ya wall unit, ile kabati ya TV, moja huku, moja huku. Imetosha kabisa."

"Na hizi ndefu?"

"Hizo ni za nyumba kubwa. Zinataka kusimama mbali na ukuta, na mtu akae mbali nazo. Kwa chumba kama yako mgeni atakalia spika."

"Hebu washa."

Akafunga zile fupi, akaweka kaseti ya kwaya. Nilisikia kila mtu alipokuwa amesimama, soprano kushoto, besi kulia. Kisha akafunga ndefu. Ngoma ikanipiga kifuani. Watu wawili waliokuwa wakipita nje walisimama kuchungulia ndani ya duka, na hapo mimi nilikuwa nimeshaamua.

"Ndefu ni kali," nikasema.

"Ni kali hapa dukani. Kwako itakuwa kelele. Nakwambia kama ndugu, chukua fupi. Siku ukijenga nyumba yako, kuja uchukue refu."

Siku ukijenga. Maneno yale yalinichoma. Ndiyo hasara ya watu wanaosema ukweli, hawajui unauma wapi.

Ngina alikuwa ameweka mkono juu ya zile fupi.

"Hizi ziko poa, Austine. Tutapata mahali pa kuweka viti."

"Viti vipo."

"Nataka kimoja zaidi."

"Cha nani?"

"Cha mtu."

Hakunitazama alipolisema hilo. Nikadhani ni shangazi mwingine, kwao hawamaliziki. Nikamwambia, "Tata Idah akiona hivi vidude atasema ni redio ya jikoni."

"Tata Idah haji kuishi kwako. Mimi ndio nitaishi."

Alikuwa msichana wa maneno machache na karibu yote yalikuwa sahihi. Lakini mimi nilikuwa nimeona vile watu wawili walivyosimama mlangoni. Nilitaka babake Ngina asimame vile vile. Nilitaka aingie kwangu asahau kuuliza mtu wa aina gani alinizaa.

"Adan," nikasema, "funga zile ndefu."

Fedha nilizokuwa nimewekea suti ya harusi zilikwenda hapo. Tusizizungumzie.

Adan alikuja mwenyewe Ruiru Ijumaa mchana kunyoosha nyaya. Alipoona chumba alisimama mlangoni kwa muda, bisibisi mkononi. Wall unit ilikuwa imekula ukuta mzima, kwa hiyo zile spika hazikuwa na pa kusimama ila mbele yake, karibu katikati ya chumba. Kochi la watu wawili nilikuwa nimeshalipeleka kwa jirani. Viti vilivyobaki vilibanwa kushoto na kulia, kila kimoja kimegusana na spika.

"Sogeza viti nyuma," Adan akasema.

"Nyuma ni ukuta."

"Basi, Mwenyezi akusaidie."

Ngina alikuja jioni na vitambaa viwili alivyofuma kwa uzi mweupe, kingo za manjano, akavitandika juu ya spika. Katika nyumba zetu hakuna kitu kinachoachwa wazi, hata mtungi wa gesi una nguo yake. Alivinyoosha kwa viganja, akahesabu viti kwa macho, akahesabu tena.

"Hakuna nafasi ya kile kiti," akasema.

"Huyo mtu wako atasimama."

Ngina alichukua mkoba wake akaenda zake.

*

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Niño, na njia ya kuja kwangu ilikuwa bado matope matupu. Wakwe walifika Jumamosi saa nane mchana, viatu vimeloa. Alikuja babake Ngina, Tata Idah, na kina mama watatu wa kwao ambao kazi yao ilikuwa kutazama na kunyamaza. Ngina alikuwa jikoni tangu asubuhi.

Tata Idah aliingia, akasimama.

"Haiya! Hizi ni spika ama ni kabati?"

"Ni spika, tata."

"Na zinalia zote mbili?"

"Ziko tano kwa jumla. Nyingine ziko nyuma yako."

Akageuka, akaziona zile ndogo ukutani, akasema "Ngai!" kwa sauti ndogo. Babake Ngina, mzee mrefu asiyecheka upesi, aliinama akaigusa moja kwa kidole. Sijui kama mmewahi kumwona baba mkwe akigusa kitu chako kwa heshima. Ni utamu ambao hauna mfano, na ulinikaa mwilini kwa muda wa saa moja hivi.

Wakakaa. Nafasi ilikuwa ile niliyowaambia. Babake Ngina akawa ubavuni mwa spika ya kushoto. Tata Idah akawa ubavuni mwa ile ya kulia, akaweka mkoba wake juu ya kitambaa, na sikio lake likawa pale spika ilipo. Kina mama wakajipanga nyuma. Mlango na dirisha tuliviacha wazi kwa ajili ya joto.

Chai ikanywewa. Choo kikakaguliwa. Dari ikatazamwa. Kisha Tata Idah akatoa kaseti.

Msomaji, ilianza vizuri ajabu. Kina mama wa Mugutha waliimba getini na wimbo ukajaa chumbani mpaka vikombe vikatetemeka. Mbuzi mmoja akalia ukuta wa nyuma na mama mmoja akaruka kitini, akauliza, "Kuna mbuzi hapa?" Wote wakacheka, hata babake Ngina. Nilijiona mwanamume kuliko wanaume wote wa Ruiru.

Ikafika zamu ya Kimeu. Alisimama ndani ya koti langu, akakohoa, akasema, "Mimi kama mzazi wa huyu kijana, nimekuja na moyo mweupe." Kila neno lilisikika.

"Huyu mzee ni mtu," babake Ngina akasema. "Leo yuko wapi?"

"Ameenda Matuu, baba. Kuna shamba anaangalia."

"Umpelekee salamu zangu."

"Zitafika."

Halafu wakati wa chakula ukaingia. Mpiga picha naye alikuwa na njaa, kwa hiyo aliiweka kamera mezani bila kuizima akaenda kula. Kilichoonekana ni pembe ya kitambaa cha meza na chupa ya soda nusu. Ngina, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, akasema:

"Hapa tunapitishanga. Hakuna kitu."

Akanyoosha mkono achukue rimoti. Mimi nikaiondoa.

"Usipitishe! Hapa ndipo utasikia surround yenyewe." Nikamgeukia shangazi yake. "Funga macho, tata. Utafikiri uko pale pale."

Nataka mlisome hilo mara mbili. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi, kwa mdomo wangu, nilimwomba yule mama afunge macho asikilize.

Akafunga macho. Akaegemeza kichwa upande wa spika.

Sahani ziligongana kulia. Mtu alicheka mbali, nyuma yetu. Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati. Kisha watu wawili wakaja kusimama upande wa kulia wa meza ile, hawaonekani, wanaongea kwa kunong'ona. Wananong'ona Kiswahili, si Kikamba cha kwao, kwa sababu mmoja wao alizaliwa Thika na Kikamba chake ni cha kuokota.

"Niambie tena. Naitwa nani?"

"Muasya."

"Na wakiniuliza juu ya mama yako?"

"Usiseme chochote. Kohoa tu."

"Na hili koti?"

"Nimekwambia ni lako. Lakini wewe ni baba yangu mpaka saa kumi na moja. Usiguse pombe kabla ya hapo."

Kwenye TV ya Tata Idah haya yote yalikuwa mvumo. Zile fupi, juu ya wall unit, huenda zingeyapitisha juu ya vichwa vya watu, na mvua ile ingeyafunika. Mimi nilikuwa nimenunua spika ndefu na kumkalisha shangazi wa mchumba wangu sikio kwa sikio nayo.

Tata Idah hakufungua macho.

"Rudisha," akasema.

"Tata, hiyo ni..."

"Rudisha nyuma, Austine."

Rimoti iliniponyoka. Akafungua macho, akainama, akaiokota mwenyewe, akarudisha kaseti, na bila kujua akaongeza sauti. Safari hii kila neno lilisikika hadi kwa jirani. Wewe ni baba yangu mpaka saa kumi na moja. Babake Ngina alikuwa ameshika kikombe na hakukiweka chini wala hakunywa.

"Zima," akasema.

Nikazima.

"Yule mzee aliyekula mbuzi wangu, si baba yako?"

"Si baba yangu."

"Ni nani?"

"Ni bawabu wa kazini kwetu."

Mama mmoja akapiga kofi paja lake. Tata Idah alivua miwani, akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Na wako mwenyewe," babake Ngina akauliza, "yuko wapi?"

Hapa, msomaji, ndipo ninapokuja kuungama, maana hilo la Kimeu nililiungama wiki jana. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kusema ni kwamba yuko Thika, anakwangua ngozi, anaitwa Muasya. Maneno machache kabisa. Nilimwona Ngina pale mlango wa jikoni, taulo ya vyombo mkononi, ananitazama kana kwamba anataka kunisaidia kuyatamka.

"Alikufa," nikasema.

"Lini?"

"Zamani. Nilikuwa mdogo."

"Austine," Ngina akaita. "Sema tena, polepole."

Nilidhani ananionea huruma. Kwa hiyo nikasema tena, polepole, na nikaipamba. Nikasema alikufa nikiwa darasa la tatu. Nikasema niliona aibu kusimama peke yangu mbele ya wazee wa Mugutha kama kuku asiye na mwenyewe. Na sauti ikanikatika mahali panapofaa. Haikuwa uigizaji wote. Nilikuwa naogopa kweli kumpoteza yule msichana.

Halafu nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Tata Idah alikuwa analia.

"Maskini," akasema. "Yatima. Kwa nini usituambie tu, mwanangu? Sisi ni watu wabaya hivyo?"

Kina mama wakaitikia "ĩĩ" kwa pamoja. Babake Ngina aliweka kikombe chini, akajikuna kidevu, akatazama vitambaa, akatazama spika.

"Umetudanganya," akasema. "Hilo sitalisahau upesi. Lakini kukosa baba si kosa la mtoto. Mimi mwenyewe nililelewa na mjomba." Akanyoosha mkono. "Tarehe inabaki ile ile. Siku hiyo nitasimama mimi, niwe baba yako na wake."

Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa nimepona! Nilikuwa nimemzika baba yangu akiwa hai na malipo yake yakawa mchumba, baba mkwe na msamaha, vyote ndani ya dakika tano. Ningekuwa na akili ningeogopa. Mimi nilitabasamu.

"Mletee baba chai nyingine," nikamwambia Ngina.

Ngina hakutoka pale aliposimama. Alikuwa anaangalia mlango wa mbele, na uso wake ulikuwa umekauka.

"Hodi," mtu akasema nje.

Harufu ilitangulia. Mama aliyekuwa karibu na mlango akavuta leso puani. Mimi sikuhitaji kugeuka kujua ni nani, lakini niligeuka, nikaenda hadi mlangoni.

Baba alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na mkononi alikuwa na mfuko wa sukari na majani ya chai. Kidevu kilikuwa kimenyolewa upya, kimekatika mahali pawili. Nikatazama chini nisimtazame usoni, na hapo nikaona kibaraza. Chini ya dirisha langu lililo wazi kulikuwa na alama za matope za viatu vyake, nyingi, zimekanyagana mahali pamoja, za mtu aliyesimama pale muda mrefu.

Sasa nikajua kile kiti kilikuwa cha nani. Baadaye ndipo nilipopata habari yote. Wiki mbili kabla ya siku hiyo baba alikuwa amekuja Ruiru kunitafuta, mimi nikiwa kazini, akamkuta Ngina anatundika mapazia. Alijitambulisha, akanywa maji, akamwomba asiniambie kwamba alifika. Ngina alikaa siku nyingi akinisubiri niseme mwenyewe. Niliposhindwa, alimwalika. Alitaka zile spika fupi ili baba yangu apate pa kukaa. Na aliponiambia niseme tena, polepole, alikuwa ananipa nafasi ya mwisho ya kusema kweli.

"Karibu, mzee," babake Ngina akasema kutoka kitini. "Unatafuta nani?"

Baba alinitazama. Sijui nilimtazama vipi, lakini aliniona vizuri kabisa, na macho yake yalikwenda kwa wale kina mama, kwa Tata Idah anayefuta machozi, kwa zile spika mbili, kisha yakarudi kwenye mfuko wake wa sukari.

"Samahani wazee," akasema. "Nilikuwa natafuta nyumba ya mtu mmoja. Nafikiri nimekosea mlango."

"Mtu gani? Huenda huyu kijana anamjua. Austine, unamjua huyu mzee?"

"Hapana," nikasema.

Lilitoka haraka, kabla hata sijalitafuta. Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia vizuri.

"Asanteni," akasema. "Endeleeni na mazungumzo yenu."

Akageuka. Alishuka kibaraza kwa uangalifu, mguu mmoja kwanza kisha mwingine, kwa sababu goti la kushoto linamsumbua tangu zamani. Nilijua hilo kuhusu goti lake. Nilisimama pale nikijua.

Ngina alipita kando yangu. Alikuwa na zile patipati za jikoni na aproni kiunoni. Aliteremka matopeni, akamfikia, akachukua ule mfuko mkononi mwake.

"Ngoja nikusindikize, baba," akasema.

Hakusema mzee. Hakusema guka, kama wanavyowaita kwao wazee wasiowajua. Alisema baba, kwa sauti ya kawaida, na dirisha lilikuwa wazi, na wote walisikia. Kisha akamshika mkono wa kushoto na wakaanza kutembea kuelekea barabara kubwa, na hakuangalia nyuma.

Niliporudi ndani hakuna aliyekuwa amekaa kama nilivyomwacha. Tata Idah alikuwa amesimama, machozi yameisha, mkoba wake umebanwa kifuani. Mama wa leso alikuwa ameishusha leso. Babake Ngina alikuwa ameufunga mlango wa jikoni; akanipita, akasimama kati yangu na ule wa mbele, mrefu kuliko nilivyomkumbuka.

"Nimekusikiliza leo mara tatu," akasema. "Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na ujibu mbele ya dada yangu. Mtoto wangu ametoka hapa na baba ya nani?"